Mtu Asiyeonekana Jukwaani: Kazi ya Dramaturgi na Heshima ya Askari

Mtu akienda kutazama mchezo wa kuigiza huwaona wachezaji, huyasikia maneno ya mtungaji kupitia vinywa vyao, na akiuliza ni nani aliyewapanga hata wakasimama hapa na kupita pale, huambiwa kuwa ni mwongozaji. Lakini katika majumba makubwa ya michezo ya Ujerumani, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi, yuko mtu wa nne ambaye hapandi jukwaani, hatungi mchezo, wala hatoi amri. Cheo chake ni dramaturgi. Neno lenyewe lina asili ya Kiyunani, na kwa kuwa Kiswahili bado hakijapata neno lililokubaliwa na wote, tutalitumia hivyo hivyo lilivyo.

Twadhani ndugu zetu wa jeshi na polisi watamwelewa upesi kuliko raia. Kikosi kina kamanda wake ambaye ndiye atoaye amri, na ubavuni pake yuko ofisa mnadhimu, ambaye kazi yake ni kusoma ramani, kupima habari zilizoletwa na doria, na inapobidi kumwambia kamanda, "Afande, habari hii haijathibitishwa." Ofisa huyo hana kombania anayoiongoza vitani, na mambo yakienda vizuri hapati sifa. Hata hivyo kikosi kisichokuwa naye huenda kikajikuta kimevuka mto mahali pasipo daraja. Dramaturgi ndiye mnadhimu wa jumba la michezo.

Kazi zake za kila siku ni nyingi na aghalabu ni za kuchosha. Maandiko ya michezo huletwa ofisini kwake kwa mafungu, naye huyasoma yote, mabaya kwa mema, ili kuchagua machache yafaayo kuonyeshwa mwaka ule. Mchezo ukiisha kuchaguliwa, huuchunguza: uliandikwa lini, kwa ajili ya watazamaji gani, watu wa zama zile walivaa nini, walihesabu fedha gani, na neno fulani lilikuwa na maana gani lilipotamkwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa mchezo ni mrefu mno, kama ule wa Hamlet wa Shakespeare ambao ukichezwa bila kupunguzwa huchukua muda wa saa nne hivi, yeye hukaa na mwongozaji wakaamua ni tawi gani likatwe pasipo kuua mti. Ikiwa umefasiriwa, huilinganisha tafsiri na maandiko ya asili, tena huisoma kwa sauti, kwa maana sentensi inayopendeza kitabuni yaweza kumkwama mchezaji kooni. Siku za mazoezi huketi kwenye viti vitupu, akiwa ndiye mtazamaji wa kwanza, na jioni humweleza mwongozaji mahali alipopotea na mahali alipochoka. Shughuli hizi zote zina shina moja, nalo ni maswali yake: kwa nini mchezo huu, kwa nini sasa, kwa watu gani, na je, usemayo ni kweli?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulishughulikia, kwa sababu linamgusa askari. Tumechagua michezo mitatu, yote ya Ulaya ambako kazi hii ilizaliwa, na yote yahusu watu wa vita. Katika ule wa kwanza ofisa mmoja asingiziwa kosa, na mchezo wamtetea. Katika ule wa mwisho ni mchezo wenyewe uliomsingizia ofisa, tena ofisa aliyekuwa hai.

KATIBU WA JENERALI

Mtu wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hii alikuwa Gotthold Ephraim Lessing, aliyezaliwa mwaka 1729 katika mji wa Kamenz, nchi ya Saxony, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alipelekwa Leipzig kusoma elimu ya dini, lakini akawa mtu wa kushinda na wachezaji, na mwaka 1748, kabla hajatimiza umri wa miaka 20, mchezo wake wa kwanza ulionyeshwa na kundi la mama mmoja mashuhuri, Caroline Neuber. Mwaka 1756 Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia aliivamia Saxony, na vita vilivyofuata vikadumu miaka saba. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1760, Lessing alishika kazi ya ukatibu kwa Jenerali Tauentzien, kamanda wa Prussia katika mji wa Breslau, ambao leo umo katika nchi ya Poland na huitwa Wrocław. Alikaa huko hadi 1765. Yaani Msaxony huyu aliandika barua za jenerali wa jeshi lililoivamia nchi yake mwenyewe! Wako waliomlaumu. Sisi twaona kuwa bila ya miaka ile mitano mezani pa jenerali asingalijua ayajuayo: aliwaona maofisa wema na wacheza kamari, majeruhi na wale waliotajirika kwa vita, na amani ilipofanywa mwezi wa Februari 1763, akaona jinsi vikosi vilivyoundwa kwa ajili ya vita tu vilivyovunjwa, na maofisa wake wakaambiwa waende zao.

Kutokana na hayo alitunga mchezo uitwao Minna von Barnhelm, uliochapishwa mwaka 1767. Kisa chake chafaa kuelezwa kwa kirefu.

Meja von Tellheim wa jeshi la Prussia alitumwa kukusanya kodi ya vita katika sehemu fulani ya nchi ya adui. Amri ilikuwa kwamba akusanye kwa ukali na kwa fedha taslimu. Wenyeji walikuwa hawana fedha za kutosha. Meja akawatoza kiasi cha chini kabisa alichoruhusiwa, na kilichopungua akakitoa mfukoni mwake, nao wakamwandikia hati ya deni. Vita vilipokwisha aliipeleka hati hiyo ofisini ili iandikishwe pamoja na madeni yatakayolipwa. Wakubwa wakamcheka. Wakasema kuwa deni ni halali, ila fedha si zake. Kwamba wenyeji walimpa hati ile kuwa ni hongo ili awapunguzie kodi. Basi hati ikazuiwa, kikosi chake kikavunjwa, naye akawa anakaa katika nyumba ya wageni mjini Berlin akisubiri uchunguzi, mkono wake wa kuume ukiwa umelemazwa na jeraha, na mfuko wake mtupu.

Mchumba wake Minna, binti wa kitajiri kutoka nchi ileile ya adui, alikuwa amempenda kwa ajili ya tendo lile la huruma, hata kabla hawajaonana. Anamfuata Berlin. Meja anakataa kumwoa, kwa hoja kwamba mtu aliyechafuliwa jina hana haki ya kumfunga mwanamke mwema katika aibu yake. Hapo ndipo mchezo unapochekesha na kuumiza kwa wakati mmoja, kwa kuwa Minna hatumii machozi bali hila: ajifanya amefukuzwa na kunyimwa urithi kwa ajili yake, na mara yule meja aliyekuwa akijificha asimame imara kumlinda. Wapo pia watu wa chini ambao Lessing aliwachora vizuri kuliko wakubwa. Yumo sajini wa zamani, Paul Werner, aliyeuza kishamba chake ili aende kupigana vita vya mbali huko Uajemi, na ambaye atafuta kila njia ya kumpa meja wake fedha bila kumdhalilisha. Yumo pia mjane wa kapteni mmoja ambaye aja kulipa deni la marehemu mumewe. Meja, ambaye hana hata senti ya kulipia chumba, akana kwamba kapteni aliwahi kuwa na deni kwake, na mama yule akiisha kwenda, airarua hati.

Mwishowe barua ya mfalme yafika: uchunguzi umekwisha, meja hana hatia, na fedha zake zitarudishwa.

Sasa tumfikirie dramaturgi anayepewa mchezo huu leo. Mwongozaji wake ni kijana, asema kuwa hiki ni kichekesho cha mapenzi na pete, basi kichezwe haraka haraka. Dramaturgi amwambia asubiri, kisha amwonyesha sehemu ya pili ya mchezo, pale mwenye nyumba ya wageni anapokuja na kalamu kuwaandikisha wageni wake, maana sheria imemwagiza asimlaze mtu usiku na mchana mmoja bila ya kupeleka kwa wenye mamlaka jina lake, atokako, shughuli yake na siku atakazokaa. (Msomaji wetu wa polisi atatabasamu, kwani daftari lile lingali linajazwa katika nyumba za wageni hata sasa.) Katika kuandika, mwenye nyumba aitaja tarehe kwa sauti, 22 Agosti. Watazamaji wengi hawaisikii. Dramaturgi aliye macho huikamata, akahesabu: amani ilitiwa sahihi Februari 15, 1763, kwa hiyo ni miezi sita tu tangu bunduki zinyamaze. Mji umejaa askari walioachishwa. Yule mwenye nyumba anayemhamisha meja chumba kizuri akampa kibovu, alikuwa akimpigia magoti mwaka uliopita. Mtumishi mwenye hasira, sajini anayetaka vita vingine popote vilipo, mjane aliyevaa nguo nyeusi, wote ni mabaki ya jambo moja. Mwongozaji akishalijua hilo hawezi tena kuchezesha haraka haraka. Kichekesho hubaki kichekesho, lakini kina ardhi ya kusimamia.

Tena kuna ile hati. Mtazamaji wa leo asipoelewa kodi ya vita ilikuwa nini na hati ya deni ilikuwa na nguvu gani, ataona meja ni mtu mwenye kiburi tu, asiyetaka kuoa kwa ukaidi. Dramaturgi huenda akashauri maneno mawili matatu yaongezwe, au hati ionekane mapema mezani, au maelezo yawekwe katika kijitabu cha watazamaji. Sisi twapendelea hati ionekane, kwa sababu watu hawasomi vijitabu gizani.

HAMBURG, 1767

Mwaka ule ule mchezo ulipochapishwa, wafanyabiashara na raia wengine wa Hamburg waliungana kuanzisha jumba walilolipa jina la Jumba la Taifa, ingawa Ujerumani ya siku zile ilikuwa imegawanyika katika dola nyingi kubwa na ndogo. Walimtaka Lessing awe mtungaji wao. Alikataa, maana hakuwa mtu wa kutunga michezo kwa kipimo kama fundi wa viatu. Wakamwajiri basi awe mshauri na mchambuzi kwa mshahara wa thaler 800 kwa mwaka. Jumba lilifunguliwa Aprili 22, 1767, na kuanzia Mei akaanza kutoa gazeti lake, Hamburgische Dramaturgie, ambalo lilikusudiwa kutoka mara mbili kwa juma na kuieleza michezo iliyoonyeshwa usiku.

Hebu fikirini ugumu wake. Mtu aajiriwa na jumba, alipwa na jumba, kisha kazi yake ni kusema hadharani kuwa mchezo wa jana wa jumba hilohilo haukuwa na akili. Alisema. Mchezo wenyewe wa ufunguzi aliukosoa bila haya. Aliwachambua na wachezaji pia, mmoja mmoja, namna walivyoinua mkono na walivyotamka, hata wakakasirika, na mchezaji mmoja wa kike aliyekuwa na sauti kubwa katika jumba akalalamika mno. Baada ya toleo la 25 Lessing aliacha kabisa kuwataja wachezaji, akageukia uchambuzi wa utunzi. Hasara ilikuwa ya wachezaji, maana uigizaji hauachi alama. Ukisha usiku, umekwisha, na ni maneno ya mtu kama yeye tu yangeweza kuutunza.

Halafu ukaja mchezo wake mwenyewe. Minna ulipotaka kuonyeshwa Hamburg, mwakilishi wa Prussia katika mji ule aliupinga. Tunaweza kuelewa shaka yake: katika mchezo ofisi za mfalme wake zamshuku mtu mwema na kumwacha na njaa. Ruhusa ikabidi kutafutwa Berlin kwenyewe, na ndipo mchezo ukaonyeshwa Septemba 30, 1767. Mwaka uliofuata uliingia Berlin, katika mji uleule uliosimuliwa, mbele ya watu walioijua vizuri ile hali ya maofisa walioachishwa, ukapendwa sana na kurudiwa usiku kwa usiku. Dola ya Prussia haikuanguka.

Si kila mahali mambo huisha hivyo. Hapa Kampala, katika jumba la National Theatre lililofunguliwa mwaka 1959, Byron Kawadwa alifanya kazi ya uongozi wa sanaa, ambayo ndani yake imo sehemu kubwa ya kazi tunayoieleza. Mwaka 1977, baada ya kurejea kutoka tamasha la sanaa la Lagos ambako kundi lake lilionyesha mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, alikamatwa na watu wa vyombo vya usalama vya utawala wa wakati ule, akauawa. Twalitaja jambo hili katika ukurasa unaosomwa na wenye bunduki kwa kuwa waliomkamata nao walikuwa wamevaa vyeo na kupewa amri.

Tukirudi Hamburg, jumba lilidumu muda mfupi. Fedha zilipungua, wenye mali wakagombana, dansi zikaingizwa ili kuvuta watu, na watu wakavutwa na dansi tu. Kundi lilihamia Hannover kwa muda, na mwaka 1769 mambo yote yakafika mwisho. Gazeti la Lessing lilikuwa limekwisha kuchelewa na kuibwa na wapiga chapa wengine, wakaliuza wao. Hata hivyo lilifika toleo la 104, na katika kurasa za mwisho alisema kwa uchungu kuwa Wajerumani wanataka jumba la taifa kabla hawajawa taifa. Aliondoka na madeni. Aliviuza vitabu vyake, na mwaka 1770 akaenda Wolfenbüttel kuwa mtunza maktaba.

MAMA WA KUUZA VITU VITANI

Mchezo wa pili tutaupitia kwa ufupi zaidi, ingawa ni mkubwa. Bertolt Brecht alikuwa mtungaji na mwongozaji, lakini mwaka 1924 aliajiriwa katika Deutsches Theater ya Berlin kama dramaturgi, na tabia ya kazi ile haikumtoka maisha yake yote. Alipokimbia utawala wa Hitler alitunga, mwaka 1939, mchezo wa Mutter Courage, habari za mama afuataye majeshi katika vita vya miaka 30 vya karne ya 17, akiwauzia askari mikanda, pombe na nyama kutoka katika mkokoteni wake. Ana watoto watatu, na vita vyawachukua wote. Mwanawe wa pili ni mtunza fedha wa kikosi, aliyeficha sanduku la mishahara ya wenzake lisiingie mikononi mwa adui. Afa kwa kuwa mama yake alikaa mno kubishana bei ya kumkomboa. Wa kwanza alisifiwa na jenerali kwa kuwanyang'anya wakulima ng'ombe wao wakati wa vita, kisha, katika siku chache za amani, afanya tendo lilelile na auawa kwa hilo. Askari hahitaji kufasiriwa jambo hilo.

Mchezo ulionyeshwa kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1941. Watazamaji walimlilia yule mama. Walimwona ni mzazi aliyeonewa, mwenye subira isiyo na kifani. Brecht aliposikia hakufurahi, kwa sababu mama wake alikuwa pia mfanyabiashara aliyeviombea vita viendelee. Basi kabla ya kuuonyesha Berlin alirudi mezani. Mahali ambapo watoa majeraha wahitaji vitambaa vya kufungia, katika maandiko mapya mama anazikatalia shati zake za kuuza, na ni bintiye bubu anayemlazimisha. Mwanzoni kabisa, mkuu wa kuandikisha askari amchukua kijana wake wakati yeye ameshughulika kuuza bizimu ya mkanda. Ni mabadiliko madogo. Yote yametokana na swali la dramaturgi: watazamaji wameona nini, na je, ndicho tulichotaka kusema?

Januari 11, 1949 mchezo ulionyeshwa Berlin, Helene Weigel akiwa mama. Watazamaji walifika kwa kupita katikati ya vifusi vya mji wao. Wengine bado walilia, tunavyoambiwa, na Brecht hakuacha kulalamika. Yeye na Weigel wakaanzisha mwaka uleule kundi la Berliner Ensemble, na humo madramaturgi vijana walifundishwa kukaa mazoezini na kuandika kila jambo: mchezaji alisimama wapi, alibadili nini, kwa sababu gani. Picha kwa mamia zilipigwa na kupangwa katika vitabu vya mfano. Mpelelezi anayechora ramani ya mahali pa tukio angeitambua kazi hiyo mara moja.

RUBANI ALIYEDHANIWA AMEKUFA

Twaja sasa kwenye mchezo wa tatu, ambao hausimuliwi sana.

Uingereza haikuwa na desturi ya kuajiri dramaturgi hadi 1963, lilipoanzishwa Jumba la Taifa mjini London chini ya mchezaji mkuu Laurence Olivier. Aliyechukuliwa alikuwa Kenneth Tynan, mwandishi wa magazeti aliyeogopwa kwa kalamu yake, akapewa cheo cha meneja wa maandiko. Alikuwa na jicho. Mwaka 1966 alisoma gazetini sifa za mchezo uliochezwa na wanafunzi huko Edinburgh, akampelekea simu ya maandishi mtungaji asiyejulikana, na mwaka uliofuata mchezo huo wa Tom Stoppard kuhusu Rosencrantz na Guildenstern ukawa fahari ya jumba.

Katika siku hizohizo aliupokea mchezo wa Rolf Hochhuth, Mjerumani, uitwao Soldaten, yaani Askari. Swali lake la msingi ni zito: je, ni halali kwa rubani kutii amri ya kudondosha mabomu juu ya mji wenye wanawake na watoto? Hochhuth alitaka pawe na mkataba wa mataifa wa kuwalinda raia wa mijini dhidi ya mashambulio ya ndege. Lakini humo humo alitia shtaka jingine. Julai 4, 1943, Jenerali Sikorski, Waziri Mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na mkuu wa majeshi yake, alikufa pale ndege yake ilipoanguka baharini punde tu baada ya kuruka kutoka Gibraltar. Rubani peke yake alipona. Mchezo ulidai kuwa haikuwa ajali, kwamba Churchill alikuwa na habari, na rubani akatiwa ndani ya njama. Ushahidi uko wapi? Hochhuth alijibu kuwa umewekwa katika benki ya Uswisi na hauwezi kufunguliwa kwa miaka 50.

Twawaulizeni ninyi mnaopeleka majalada mahakamani: ofisa wenu mkuu angekubali jalada la namna hiyo?

Tynan alikubali, au tuseme alishikilia kuwa mchezo uonyeshwe hivyo hivyo. Mwaka 1967 halmashauri ya jumba iliukataa. Mwenyekiti wake, Lord Chandos, alikuwa waziri katika serikali ya Churchill wakati wa vita, na Tynan alisema kwamba huyu hawezi kuwa hakimu wa haki. Katika hilo alikuwa na hoja. Alipigana pia na udhibiti wa serikali, maana wakati ule hakuna mchezo ulioweza kuonyeshwa London bila ya kibali cha ofisa wa nyumba ya Malkia, desturi iliyodumu tangu 1737, na katika vita hivyo nasi tungalikuwa upande wake. Lakini ule uhuru alioutetea haukumwondolea kazi yake ya kwanza. Jumba zima lilikuwa na watu wa kuupenda mchezo, na watu wa kuuchukia. Aliyeajiriwa kuuliza kama ni kweli alikuwa mmoja.

Sheria ya mwaka 1968 iliondoa kile kibali cha nyumba ya Malkia, na Desemba ya mwaka huo Tynan na washirika wake waliuonyesha mchezo katika New Theatre, London, nje ya Jumba la Taifa. Walikuwa hawajui kwamba rubani bado yu hai. Jina lake Eduard Prchal, mtu wa Chekoslovakia aliyekuwa amelitumikia jeshi la anga la Uingereza. Alifungua mashtaka ya kuchafuliwa jina. Mwaka 1972 mahakama ya London ilimpa fidia ya pauni 50,000 dhidi ya mtungaji.

Meja von Tellheim alisubiri miezi michache, barua ya mfalme ikafika katika sehemu ya mwisho ya mchezo kabla taa hazijazimwa. Prchal alivunjika mwili katika ajali ya 1943, akaishi na jina la mwanajeshi ambaye abiria wake wote wamekufa, kisha robo karne baadaye akasikia kuwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, yeye ni mshiriki wa mauaji. Baraza la uchunguzi la Uingereza la mwaka 1943 lilikuwa limekwisha kusema kuwa usukani wa ndege ulikwama na kuwa halikuona hujuma, ingawa halikuweza kueleza sababu ya kukwama. Ripoti hiyo haikuwa imefungiwa benki. Mwaka 2008 Wapoland walilifungua kaburi la Sikorski mjini Kraków, na wataalamu wakaona kuwa majeraha ya jenerali ni ya mtu aliyekufa katika ajali ya namna ile. Hakupigwa risasi wala hakunyongwa kabla.

Tungependa msomaji auone pia upande mwingine wa hasara. Katika mchezo wa Hochhuth yamo mabishano makali kati ya Churchill na Askofu Bell wa Chichester kuhusu kuchoma miji kwa mabomu, na askofu huyo, katika maisha halisi, alithubutu kusimama katika Baraza la Malodi mwaka 1944, wakati vita vingali vinaendelea, kuyapinga mashambulio hayo. Miaka kumi baada ya mchezo kutoka, mwaka 1977, mataifa yalikubaliana juu ya Itifaki ya kwanza ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, ambayo yakataza kuwashambulia raia na yakataza mabomu ya kufagia mji mzima kana kwamba wote ni shabaha moja. Ndiyo inayofundishwa leo katika masomo ya sheria za vita. Dramaturgi mwenye mkasi angemwambia mtungaji akate habari za ndege ya Gibraltar na kumwacha askofu aseme. Mchezo ungebaki na urefu wa kutosha, tena ungebaki na zaidi ya mabomu ya kuwatia wasiwasi watawala. Sasa ukimtajia mtu mchezo ule, kama aliwahi kuusikia, hakuulizi habari za askofu. Hukuuliza, "Ni ule wa rubani?"